“Nakuja,” halafu unaondoka

Mzazi amesimama mlangoni, viatu miguuni, mkoba begani. Anasema, “Nakuja sasa hivi,” anafunga mlango na kutokomea kwa saa tatu. Watoto wengi hawashtuki. Wameshang’amua kwamba “nakuja” ya mlangoni maana yake ni “natoka, nitarudi.” Mtoto mwenye usonji ameichukua kama ilivyo: mama anakuja. Kwa hiyo anasimama palepale kumngoja. Dakika tano zikipita analia, kumi zikipita anajigonga kichwa ukutani, na mama akirudi anaambiwa mtoto alilia bila sababu.

Sababu ipo, imo ndani ya neno moja.

Wanaoanza kuishi au kufanya kazi na mtu mwenye usonji huuliza kwanza yeye afundishwe nini. Ni swali halali, ila majibu yake huja polepole. Linaloleta nafuu mapema ni hili jingine: sisi tunaomzunguka tubadilishe nini katika usemaji wetu? Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliueleza ugumu huu kuwa wa pande mbili. Mwenye usonji hupata shida kuwasoma wasio nao, na wasio nao hupata shida kumsoma yeye. Tofauti ni kwamba upande mmoja tu ndio hupelekwa kliniki.

Tuelewane kwanza juu ya jina lenyewe. Usonji, kwa Kiingereza autism, ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi, na huanza kabla mtu hajazaliwa. Hauambukizi, hausababishwi na malezi, wala hautokani na chanjo. Andiko la daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, la mwaka 1998 lililozua hofu hiyo lilihusu watoto 12 tu, na jarida lililolichapisha, The Lancet, lililifuta mwaka 2010. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, uliziweka chini ya jina moja hali zilizokuwa na majina tofauti, ikiwemo iliyoitwa Asperger, ukaongeza pia kigezo cha milango ya fahamu: sauti, mwanga, mguso au harufu vinavyopokelewa kwa ukali mno au kwa ufifi mno. Kwa hiyo wawili wenye jina hilohilo kwenye cheti wanaweza wasifanane hata kidogo. Mmoja anafundisha hisabati chuo kikuu, mwingine hasemi neno na anasaidiwa kuoga.

Mitego ya Kiswahili chetu

“Nakuja” ni mtego mmoja tu. Ukanushi wa Kiswahili umefichwa tumboni mwa kitenzi, na hapo wengi huumia. Tazama “usikimbie.” Silabi inayokataza ni “si,” nayo haina mkazo, mkazo umeangukia mwishoni, kwenye kukimbia. Mtoto anayepokea maneno polepole, katika kelele, hubaki na kilichosikika zaidi. Akikimbia, anaambiwa mkaidi. Mwambie unachotaka akifanye: “Tembea.” Badala ya “usipige kelele,” sema “ongea kwa sauti ndogo,” na umwoneshe sauti ndogo ikoje. Badala ya “kaa vizuri,” ambayo haimwambii kitu, sema “miguu chini, mgongo kwenye kiti.”

Maswali ya kukanusha yaache kabisa. “Hujashiba?” “Ndiyo.” Ndiyo ipi hiyo? Kuna anayemaanisha “ndiyo, sijashiba” na kuna anayemaanisha “ndiyo, nimeshiba,” na hata sisi wenyewe hukosana hapo. Uliza “Umeshiba, au niongeze?” huku mkono mmoja ukigusa sahani na mwingine chungu.

“Baadaye,” “kidogo tu” na “ngoja” ni maneno yasiyo na mwisho. Kwa mtu anayehitaji kujua jambo linaishia wapi, ni sawa na kumfungia chumbani bila kumwambia mlango utafunguliwa lini. Mpe mwisho unaoonekana: “mshale mrefu ukifika 6,” au wimbo huu ukiisha, au taima ya simu ikilia. Kisha timiza. Ukisema dakika tano zikawa ishirini mara tatu mfululizo, taima yenyewe inapoteza maana, na kuirejesha ni kazi ya wiki.

Na saa zetu! “Saa moja jioni” tunaitamka hivyo, simu inaandika 19:00 au 7:00. Anayependa namba, na wenye usonji wengi wanazipenda kweli, ataona mojawapo ni uongo. Chagueni mfumo mmoja kwa ajili ya ratiba ya nyumbani, muuandike, na mfundishe ule mwingine kama somo la kuongeza au kutoa 6. Wengi huufurahia mchezo huo kuliko tunavyotarajia.

Ukitoka nyumbani, basi, sema: “Naondoka. Nitarudi saa kumi. Bibi yuko hapa.” Sentensi tatu fupi, na ya kwanza iwe ya kweli.

Sekunde kumi

Kama una nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, badilisha hili. Mwite kwa jina, ngoja aonekane amekusikia, sema jambo moja kwa maneno machache, kisha nyamaza uhesabu moyoni mpaka kumi.

Ni vigumu kuliko inavyosikika. Watu wazima wengi hawavuki sekunde mbili. “Vaa viatu. Haya, viatu! Hivi husikii? Tunachelewa ujue.” Kwa msemaji, huo ni ujumbe mmoja, kwa msikilizaji ni jumbe nne, kila moja ikimkuta bado anaichambua iliyotangulia, naye anarudi mwanzo. Kufikia ya nne anaziba masikio. Ukilazimika kurudia, rudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Kuyabadilisha ili “kumrahisishia” ndiko kunakomwongezea kazi.

Usimdai akutazame machoni. Wengi husikia vizuri zaidi wakitazama pembeni, kwa kuwa uso wa mtu ni habari nyingi mno kuzipokea pamoja na maneno. Kuna ushauri unaotolewa kwa wazazi kila siku, kwamba samaki mkunje angali mbichi: mshike kidevu, mzuie kupunga mikono, mzuie kuyumba. Methali hiyo hapa inapotosha. Kupunga na kuyumba ni njia ya mwili kujipima na kujituliza. Ukiizuia bila kumpa nyingine, wasiwasi unabaki na kutafuta pa kutokea, mara nyingi kwa kujiuma au kujipiga. Zuia kinachoumiza tu, na hicho nacho kitafutie mbadala unaotoa hisia inayofanana: anayeuma mkono mpe kitu kigumu cha mpira cha kutafuna.

“Unataka maji”

Unamuuliza mtoto, “Unataka maji?” Anajibu, “Unataka maji.” Wengine humwona anakejeli, wengine humwona haelewi kitu. Ameelewa. Alichofanya ni kuichukua sentensi nzima kama kifurushi kimoja kinacholeta maji. Katika Kiswahili tofauti ya wewe na mimi imebebwa na kipande kidogo mwanzoni mwa kitenzi, “una-” au “na-,” na anayejifunza lugha kwa vifurushi hajakifungua kifurushi hicho bado.

Kumsahihisha kwa “sema ‘nataka,’ siyo ‘unataka’” humzalishia kifurushi kipya: atakujibu “sema nataka.” Njia inayofaa ni kusema sentensi kutoka mdomoni mwake. Ukiona anatazama kikombe, acha kuuliza. Sema “Nataka maji,” na papo hapo mpe. Fanya hivyo kwa vitu vitatu au vinne anavyovipenda, kila siku, bila kumlazimisha kurudia. Baadaye anza kubadilisha kipande kimoja, “Nataka maji,” “Nataka mpira,” ili aone kifurushi kinakatika wapi.

Kuna mwangwi mwingine, unaorudi baada ya siku au miezi. Mtoto anasema maneno ya tangazo la dawa ya meno kila anapoumwa sikio. Ukichunguza utakuta aliyasikia siku ile sikio lilipouma mara ya kwanza. Anzisha orodha ukutani yenye safu mbili: anachosema, na anachomaanisha. Mpe nakala kila anayemlea, mwalimu akiwemo, maana mgeni hawezi kubahatisha kwamba “meno meupe tabasamu pana” ni maumivu.

Picha, na namna zinavyoharibika

Neno likishatamkwa limepotea. Picha inabaki ukutani. Hapo ndipo nguvu ya ratiba ya picha ilipo, na ndiyo maana huwafaa hata wanaozungumza vizuri.

Anza na kadi mbili tu, “kwanza” na “kisha.” Kwanza kuoga, kisha mpira. Kadi ya pili iwe kitu anachokitaka kwa dhati, na akipate dakika ileile, siyo ukishamaliza kuongea na jirani. Akishaielewa, nyosha mpaka tatu, nne, tano. Picha za simu za vitu vyenyewe, beseni lenu na mpira wake, hueleweka mapema kuliko michoro. Ukubwa wa kiganja cha mtoto unatosha. Zifunike kwa seloteipu pana, nyuma weka kipande cha velkro (utepe unaonasana na kubanduka), na utepe mrefu wa velkro uubandike ukutani kwenye usawa wa macho yake, siyo ya kwako. Chini yake weka bahasha iliyoandikwa “Imekwisha.” Jambo likiisha, yeye mwenyewe abandue kadi na kuitia bahashani. Kitendo hicho cha mkono ndicho kinachomwambia mwili kwamba sasa tumehama.

Ratiba hizi hufa kwa njia zilezile karibu kila nyumba. Zimejaa kazi za wakubwa peke yake, hakuna linalomvutia. Au zimebandikwa vizuri lakini hakuna anayezigusa, zimekuwa pambo. Au zinatolewa siku ya fujo tu, mtoto akajifunza kwamba kadi zikionekana kuna balaa. Ila kosa linaloudhi kuliko yote ni la baada ya asubuhi tano njema mfululizo: “ameshazoea, tuzitoe.” Ni kama kumvua mtu miwani kwa kuwa sasa anaona vizuri.

Tengeneza pia kadi ya mabadiliko, labda mshale mwekundu uliopinda. Mfundishe kwa mabadiliko mazuri kwanza: mlipanga kusoma, mshale, mnacheza. Rudia mara nyingi kabla ya kuutumia kwa habari mbaya. Wengi huutoa mara ya kwanza siku safari inapovunjika, halafu wanashangaa kadi inararuliwa.

Kwa asiyesema kabisa, kadi huwa mdomo wake. Mfumo mmoja unaojulikana sana ni PECS, wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha, ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, wenye hatua sita. Hatua ya kwanza huhitaji watu wazima wawili. Mmoja amekaa mbele ameshika kitu anachokitaka mtoto. Wa pili yuko nyuma yake, kimya kama kivuli. Mtoto akinyoosha mkono kukifuata kitu, wa nyuma anauongoza mkono huo uchukue kadi na kuitia kwenye kiganja cha wa mbele, naye anatoa kitu mara moja na kukitaja jina. Hakuna “unataka nini?” Ukiuliza kila mara, atajifunza kungoja kuulizwa, na lengo lilikuwa aanze yeye. Wa nyuma apunguze msaada kidogo kidogo, kuanzia mwisho wa kitendo kurudi mwanzo: kwanza aachie kitendo cha kuweka kadi kiganjani, kisha kubeba, mwisho kuokota.

Hofu ya wazazi wengi ni kwamba kadi au programu ya kuzungumzia kwenye kishikwambi itamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Tafiti zilizokusanywa hazioneshi hivyo; kwa baadhi maneno huongezeka. Linaloharibu ni kuziweka kadi juu ya kabati “zisichakae,” au kumnyang’anya kishikwambi kama adhabu. Hakuna anayemziba mdomo mtoto anayesema kwa kuwa amekosa.

Maji yakizidi unga

Kuna kulilia kitu, na kuna kulemewa. Anayelilia kitu huchungulia kama unamwona, hujilinda asijiumize, na hunyamaza akipewa. Aliyelemewa hajali kama kuna anayemtazama. Ukimpa alichokuwa anakitaka hakioni. Mwingine halipuki, huzima: ananyamaza, anajikunja, macho yanakodolea mahali pamoja. Huyo husahaulika kwa kuwa hasumbui mtu, ingawa mzigo ni uleule.

Dalili huja kabla. Mwendo unakuwa wa kasi, sauti inapanda, masikio yanazibwa, swali lilelile linaulizwa mara ya nane. Wakati wa kusaidia ndio huo: ondoka naye sokoni au darasani, zima redio, punguza taa, mpe vizuia sauti vya masikioni ikiwa amezoea kuvivaa. Akishavuka hapo, kazi yako ni ndogo na ngumu. Ondoa watu. Abaki mtu mzima mmoja, pembeni, chini ya usawa wake, kimya. Ondoa kinachoweza kuumiza. Usimguse isipokuwa kuna hatari; kukumbatiwa kwa nguvu huwatuliza baadhi na huwachoma wengine kama moto, na hilo ulijue siku ya amani. Usiulize “umefanyaje?” Usitoe somo. Mwili unaweza kuhitaji nusu saa au zaidi kutulia hata baada ya kilio kuisha, na mtu anayeanza kuhoji dakika ya kumi huanzisha mzunguko wa pili.

Mwalimu na mzazi hugombana sana hapa. Shuleni mtoto ni malaika, akifika tu mlangoni kwao analipuka, na mwalimu anahitimisha kwamba nyumbani hakuna nidhamu. Mara nyingi amejibana siku nzima, akaiga wenzake, akavumilia kengele na makelele, na nyumbani ndipo anapoweza kujiachia. Jaribuni nusu saa ya ukimya akirudi, bila maswali wala kazi ya shule, kabla ya kutafuta mchawi. Wasichana hasa hujificha hivi, ndiyo sababu mojawapo wengi wao hutambuliwa wakiwa wamechelewa, wengine wakiwa watu wazima.

Usitegemee kumbukumbu. Kwa wiki mbili andika kila tukio kwa mistari mitatu: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Pembeni ongeza alilala saa ngapi, alikula nini na lini, na kama alipata choo. Hilo la mwisho watu huliona la aibu na huliruka, wakati kufunga choo ni tatizo la kawaida kwa watoto wenye usonji na humfanya mtu yeyote akose raha. Kisha badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na ulipe angalau wiki. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Tabia ikibadilika ghafla, anza kwa daktari kabla ya mshauri wa tabia. Meno, masikio, tumbo. Wengi hawaoneshi maumivu kwa namna tuliyozoea, wengine hucheka. Kifafa pia huwapata wenye usonji zaidi ya watu wengine, na si lazima kiwe cha kuanguka. Kukodoa macho kwa sekunde kadhaa bila kuitika, tena na tena, kunastahili uchunguzi, na video ya simu humsaidia daktari kuliko maelezo yako.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo zinazosaidia yanayoambatana nao: usingizi, kifafa, wasiwasi, au ghadhabu kali, kama risperidone, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa ghadhabu za watoto wenye usonji na ambayo huongeza uzito, hivyo mtoto hupimwa mara kwa mara. Anayekuuzia matone ya klorini au sindano za “kutoa madini mwilini” anakuuzia sumu. Watoto wamekufa kwa matibabu ya kutoa madini.

Watu wazima wenye usonji hawahitaji kadi za velkro zilizo kwenye usawa wa mtoto, ila kanuni haibadiliki. Kazini, agizo la mdomo lifuatwe na maandishi: nini, kwa kiwango gani, mpaka lini. “Shughulikia ile ripoti” haitoshi. “Tuma jedwali la mauzo ya Machi kwa mhasibu kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi” inatosha. Katika usaili, “tueleze kuhusu wewe mwenyewe” humwacha akijiuliza aanzie alipozaliwa au asubuhi hii. Muulize amewahi kutumia programu gani za hesabu na kwa kazi ipi, mtumie maswali siku moja kabla, na akitazama meza wakati wa kujibu, mwache aitazame.